Msokoto wa Tumbo la Farasi na Punda, na Minyoo Isiyosikia Dawa

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya masaisi na wote wenye farasi, na zaidi kwa wenye punda. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki farasi ni wachache, kwa sababu ya mbung'o na kwa sababu ya ile tauni ya farasi iletwayo na visubi. Bali punda ndio wachukuzi wa maji, kuni na mizigo ya sokoni. Matumbo ya wanyama hawa wawili ni ya namna moja, na minyoo yao karibu yote ni ile ile. Basi kila tusemapo farasi, mwenye punda naye asikie punda, ila pale tutakapowatenga.

Katika Kiswahili neno chango hutumika kwa utumbo mwembamba, na hutumika pia kwa minyoo ikaayo tumboni. Kwa farasi mambo hayo mawili yana ujamaa wa kweli, kama tutakavyoona. Walakini usidhani kwamba kila msokoto wa tumbo watokana na minyoo. Mabadiliko ya ghafula ya chakula, nafaka nyingi kupita kiasi, maji haba, meno mabovu yasiyotafuna vema, mchanga ulioliwa pamoja na majani mafupi, na kwa punda wa mjini mifuko ya plastiki aliyoiokota jalalani: yote haya huweza kumwangusha mnyama. Minyoo ni sababu moja katika nyingi, lakini ni sababu ambayo mwenye mnyama aweza kuipunguza kwa mikono yake mwenyewe. Tena ndiyo ambayo watu wengi huiongeza kwa mikono yao wenyewe, wakidhani wanaiondoa.

DALILI ZA MSOKOTO

Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia tumboni hakina njia ya kurudi, na tumbo lenyewe ni dogo kwa kiwiliwili chake. Njia ikizibika mbele, tumbo hujaa hata laweza kupasuka. Ndiyo sababu msokoto wa farasi si jambo la kungoja kesho.

Farasi mwenye msokoto huacha chakula. Hugeuza kichwa akatazama ubavu wake, huparapara ardhi kwa mguu wa mbele, hujipiga teke tumboni, hulala na kuinuka na kulala tena, hugaagaa, hutoka jasho. Mavi yake huwa machache au hayatoki kabisa. Weka sikio ubavuni mwake, kushoto na kulia: tumbo la farasi mzima hunguruma daima, na tumbo lililo kimya ni ishara mbaya. Tia vidole kwenye mshipa upitao chini ya taya uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hata 44. Akipita 60 naye hakufanya kazi wala hakuogopeshwa, hatari ni kubwa. Mwinue mdomo utazame ufizi: uwe wa rangi ya waridi na wenye maji maji. Ufizi mkavu, au mweupe, au wa rangi ya zambarau, waonyesha kwamba damu haiendi sawasawa.

Punda ni mwingine katika jambo hili. Punda huficha maumivu. Hagaagai wala hapigi teke mpaka mambo yamekwisha kuwa mabaya mno. Husimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, hataki kula. Watu husema, "Punda huyu ana ukaidi leo." Punda asiyekula si mkaidi, ni mgonjwa, na akikaa na njaa siku mbili tatu mafuta ya mwili wake humwagika katika damu yakamletea maradhi mengine yawezayo kumwua hata kama msokoto umepoa.

Uonapo dalili hizi, ondoa chakula chote, peleka habari kwa daktari wa mifugo upesi, na umwambie mapigo uliyohesabu na saa uliyoanza kuona. Mnyama akitaka kujibwaga na kugaagaa kwa nguvu, mtembeze polepole ikiwa waweza bila kujihatarisha. Akilala kimya, mwache. Usimtembeze hata achoke. Usimmiminie mafuta wala dawa kwa chupa kinywani, maana mara nyingi huingia mapafuni, na farasi aliyepona msokoto hufa kwa homa ya mapafu. Wala usikimbilie kumpa dawa ya minyoo siku ile ya msokoto. Sababu yake itaonekana hapa chini.

MINYOO YENYEWE

Minyoo ya farasi ni ya namna nyingi sana, lakini kwa habari ya msokoto yakupasa kujua minne.

Wa kwanza ni mnyoo wa mishipa, ambao wataalamu huuita Strongylus vulgaris. Mkubwa wake hukaa utumbo mpana, mwekundu-mwekundu, mfupi kuliko kidole. Madhara yake makubwa hayatoki kwa mkubwa bali kwa watoto wake. Mtoto wa mnyoo huyu, akiisha kuliwa pamoja na majani, hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika mishipa ya damu, hupanda mpaka katika mshipa mkubwa ulishao matumbo, na hukaa humo miezi kadhaa kabla ya kurudi alikotoka. Mahali alipokaa mshipa huvimba na damu huganda. Kipande cha damu iliyoganda kikikatika, huchukuliwa na kuziba mshipa mdogo mbele, na sehemu ya utumbo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hufa. Msokoto wa namna hii hauna dawa ya kunywesha. Pengine hata kisu cha daktari hakifui dafu.

Wa pili ni minyoo midogo ya utumbo mpana. Jamii zake hupata kama 50, nayo hukaa kwa maelfu na maelfu. Watoto wake hawasafiri mbali: hujichimbia katika ukuta wa utumbo, kila mmoja katika kifuko chake, na huweza kulala humo miezi mingi, hata kupita miaka miwili. Wakiamka wengi kwa pamoja huurarua ukuta. Farasi huharisha, hukonda mbele ya macho yako, huvimba chini ya tumbo. Na katika hao wanaoshikwa hivyo karibu nusu hufa, hata wakitibiwa.

Wa tatu ni mnyoo mkubwa mweupe wa wana wa farasi, mnene kama penseli, urefu wake hata kupita sentimita 30. Humdhuru mnyama asiyetimiza mwaka au aliyeupita kidogo tu. Baada ya hapo mwili hujifunza kuukinga. Mayai yake yana ganda gumu lenye kunata, nayo huishi ardhini miaka mingi. Mwana wa farasi aliyejaa minyoo hii akipewa dawa kali, minyoo hufa au hulegea yote kwa mara moja, ikajikusanya kama kamba iliyofungwa fundo na kuziba utumbo mwembamba. Hii ndiyo sababu tumesema usikimbilie dawa siku ya msokoto, na ndiyo sababu mwana wa farasi mwenye kitambi na nywele zisizong'aa atazamwe kwanza na daktari.

Wa nne ni tegu wa farasi. Hujibandika mahali utumbo mwembamba unapoingia katika mfuko mkubwa wa utumbo mpana, mlango ambao ni mwembamba tangu hapo. Hupata njia yake kwa wadudu wadogo sana, jamii ya utitiri, wakaao majanini, ambao farasi huwameza bila kujua.

MBEGU UNAYOICHAGUA BILA KUKUSUDIA

Sasa tufikie neno lenyewe la karatasi hii. Mkulima ajua maana ya kuchagua mbegu. Huvuna, hutazama masuke, huweka kando yale yaliyostahimili ukame, na mwaka wa pili hupanda hayo. Akifanya hivyo miaka kadhaa shamba lake lote huwa la mahindi yastahimilio ukame. Hakuyafundisha mahindi kustahimili. Aliyanyima mengine nafasi ya kuzaa.

Mwenye farasi ampaye kila mnyama dawa kila baada ya miezi miwili afanya kazi hiyo hiyo kwa minyoo. Tuseme tumboni mwa farasi mna minyoo 10,000, na katika hiyo 10 tu imezaliwa na tabia ya kuhimili dawa. Ukinywesha dawa, 9,990 hufa nawe wafurahi, mavi hayana mayai, farasi ananawiri. Lakini kila yai litakaloanguka malishoni kwa majuma yafuatayo ni la wale 10. Kama malishoni mna watoto wengi wa minyoo isiyoonja dawa, uzao wa wale 10 hupotea kati ya wengi. Kama umenywesha farasi wote siku moja, ukawahamisha kuwapeleka malisho mapya yasiyo na minyoo, basi umeyapanda malisho yale mbegu ya wale 10 peke yao. Zamani wataalamu wenyewe walishauri kunywesha na kuhamisha siku ile ile, nao walikuwa na nia njema. Leo shauri hilo limeachwa.

Twaiita minyoo hiyo sugu, na neno ni zuri, ila lisikudanganye. Sugu ya mkono wa mlima jembe huja kwa kusuguliwa: mkono ule ule uliokuwa laini huwa mgumu. Mnyoo mmoja haufanyi hivyo. Ule uliokuwa dhaifu umekwisha kufa; unaouona leo ni mjukuu wa ule ambao dawa haikuuweza tangu mwanzo. Kwa hiyo kupumzisha dawa mwaka mmoja hakurudishi nguvu zake. Usugu ukiisha kuenea katika malisho yako, kwa kadiri ya maisha yako ya ufugaji umekuja kukaa.

Mambo haya yameonekana wazi katika nchi ya Kentucky, Marekani, iliyo mashuhuri kwa farasi wa mbio. Kabla ya miaka ya 1940 dawa za minyoo ya farasi zilikuwa karibu sawa na sumu kwa farasi mwenyewe. Ikaja fenothiazini, kisha mwaka 1961 ikaja thiabendazoli, dawa salama na yenye nguvu. Mwaka 1966 mabwana J. H. Drudge na E. T. Lyons wa Chuo Kikuu cha Kentucky waliandika kwamba farasi wapewe dawa mara kwa mara, kila majuma 6 hata 8, wakiukusudia hasa ule mnyoo wa mishipa. Shauri lao lilishikwa karibu dunia nzima, na tusiwaonee: mnyoo wa mishipa, uliokuwa muuaji mkuu, ulikaribia kutoweka katika mashamba yaliyotunzwa vema. Lakini ilikuwa katika miaka ile ile ya 1960 kwamba minyoo midogo ilianza kuonekana haisikii fenothiazini wala thiabendazoli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja ivermectin, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Japani, na ambayo waliovumbua asili yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Watu wakasahau habari za usugu. Mwaka 2002 ikatangazwa kutoka Uholanzi kwamba mnyoo mkubwa wa wana wa farasi hauuawi tena na ivermectin, na tangu hapo habari kama hiyo imetoka katika nchi nyingi. Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya wana wa farasi walionunuliwa Ireland wakapelekwa Marekani, nao walichukua matumboni mwao minyoo midogo ambayo ivermectin haikuiweza.

Tangu ivermectin na jamaa yake moxidectin, halikupatikana kundi jingine jipya la dawa kwa minyoo ya duara ya farasi. Makundi yaliyopo ni matatu tu: la fenbendazole na ndugu zake, la pyrantel, na hili la ivermectin. Majina ya dukani ni mengi, na maboksi yana rangi nyingi, lakini ukisoma maandishi madogo utakuta ni yale yale matatu. Mtu abadilishaye boksi la kijani kwa boksi jekundu huenda hajabadili dawa hata kidogo. Kwa tegu iko dawa yake, praziquantel, ambayo mara nyingi huchanganywa na moja ya hizo.

Wengine wakisikia haya husema, "Basi tuache dawa kabisa." Hilo nalo ni kosa. Huko Denmark tangu mwaka 1999 sheria yakataza kumpa farasi dawa ya minyoo pasipo daktari kuona haja yake. Mwaka 2012 wataalamu wa huko walitangaza kwamba mnyoo wa mishipa umeonekana zaidi katika mashamba yafuatayo hesabu ya mayai peke yake. Yule adui wa zamani hakuwa amekufa, alikuwa amejificha tu. Kwa hiyo shauri la leo ni la katikati: kila farasi mzima apewe dawa yenye nguvu mara moja au mbili kwa mwaka, kwa ajili ya mnyoo wa mishipa na tegu, zaidi ya hapo, wapewe wale tu ambao mavi yao yaonyesha haja.

KUHESABU MAYAI

Katika kundi lo lote la farasi wazima, robo moja hivi ya wanyama ndiyo imwagayo mayai mengi, karibu 80 kwa mia ya yote yaangukayo malishoni. Farasi hawa si lazima wawe wakondefu. Pengine yule anayeng'aa kuliko wote ndiye mchafuzi mkuu. Kwa macho huwezi kumjua. Mavi huchanganywa na maji yaliyokolea chumvi, mayai huelea, nayo huhesabiwa chini ya hadubini katika kioo chenye mistari. Njia hii yaitwa McMaster, nayo yatumika tangu mwaka 1939, na daktari wa mifugo au chumba cha uchunguzi wa wanyama aijua. Kazi yako ni kupeleka mavi mabichi, yaliyoanguka asubuhi ile, katika mfuko uliofungwa bila hewa, na kuyaweka mahali pa baridi; yakikaa juani mayai huanguliwa na hesabu huwa ya uongo. Farasi mzima mwenye mayai chini ya 200 katika gramu moja kwa kawaida huachwa bila dawa, ili minyoo yake isiyo sugu iendelee kuzaa na kuwazidi wale wachache wabaya.

Lakini ujue mipaka ya hesabu hii. Haionyeshi watoto waliojificha katika ukuta wa utumbo wala waliomo mishipani, na tegu huikwepa mara nyingi. Wana wa farasi hawafuati kanuni hii hata kidogo. Wao wana mpango wao, na daktari ndiye aupangaye.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo ipimayo dawa. Tuseme farasi 6 kabla ya kunywa fenbendazole walikuwa na wastani wa mayai 900 kwa gramu, na siku ya 14 baada ya dawa wana 270. Yamepungua 630, yaani 70 kwa mia. Kwa dawa hiyo tulitaka zaidi ya 90 kwa mia, na kwa ivermectin zaidi ya 95. Dawa ile katika shamba lile ni fedha iliyotupwa, na kila kipimo kinachofuata huzidisha tu ubaya. Kipimo hiki kifanywe mara moja kwa mwaka kwa kila kundi la dawa ulitumialo.

UZITO NA MAVI

Dawa pungufu yaacha hai minyoo ambayo ingekufa, na watu wengi hukisia uzito chini ya ukweli. Kama huna mizani, chukua kamba ya mshonaji. Pima kifua nyuma ya bega, mzunguko wote, kwa sentimita. Kisha pima urefu toka ncha ya bega hata ncha ya tako. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, ukagawanye kwa 11,877. Jibu ni kilo. Farasi mwenye kifua 170 na urefu 150 ana kilo 365 hivi. Punda ana umbo jingine na hesabu nyingine, muulize daktari. Tena usitumie kwa farasi wala punda dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa ng'ombe, hata kama jina ni lile lile.

Walakini kazi kubwa kuliko dawa ni ya toroli na beleshi. Katika joto na mvua zetu yai la mnyoo laweza kuwa mtoto mwenye kuambukiza kwa muda wa juma moja tu, naye hutambaa juu ya majani yenye unyevu akingoja kuliwa. Ukiokota mavi malishoni mara mbili kwa juma, umewatoa kabla hawajaondoka. Huko Newmarket, Uingereza, katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba malisho yaliyofagiwa hivyo yalikuwa safi kuliko yale yaliyotegemea dawa peke yake. Mavi yarundikwe mbali na maji na malisho, yaoze hata yapate moto ndani ndipo yatumike shambani. Usiyatawanye mabichi malishoni wakati wa mvua, maana huko ni kupanda minyoo kwa mkono. Ng'ombe au kondoo wakilisha mahali farasi walipokuwa hula watoto wa minyoo ya farasi, na minyoo hiyo karibu yote hufa ndani yao bila kuwadhuru.

Mwisho ni habari ya mnyama mgeni. Ukinunua farasi au punda mnadani, au ukimpokea aliyetoka mbali, usimwachilie na wenzake siku ile. Mweke peke yake bandani au katika ua usio na majani, mpime mavi, mpe dawa kwa shauri la daktari, na umpime tena siku ya 14. Akionekana bado ana mayai, huenda amekuletea minyoo ambayo shamba lako halikuwa nayo. Azuiliwe hapo mpaka daktari aseme. Mavi yake ya siku zile zote yazikwe au yachomwe moto.